Acheni Kuimaliza London

Kuna imani moja ambayo ni nadra kusikia mtu akiihoji, na ndiyo inayoharibu safari za kwanza za watu wetu London kuliko mvua, kuliko baridi, kuliko hata maswali ya afisa wa uhamiaji pale Heathrow. Imani yenyewe ni hii: ukishalipia viza na nauli, huna budi kumaliza. Siku ni tatu au nne, huenda usirudi tena maishani, kwa hiyo chochote kilichowahi kuonekana kwenye kalenda au televisheni lazima ukifikie na ukipige picha. Wakala wa safari anaiuza imani hiyo, shemeji anayeishi huko anaihimiza, na kundi la WhatsApp la familia linaisimamia kama kamati ya harusi.

Ratiba inayozaliwa hapo mnaijua. Ndege ya usiku kutoka Nairobi inatua alfajiri, mizigo inaachwa mapokezi ya hoteli kwa kuwa chumba hakijawa tayari, na mbio zinaanza: Big Ben, London Eye, Buckingham, Hyde Park, Oxford Street. Kesho yake Tower of London, Tower Bridge, British Museum, Madame Tussauds, kisha uwanja wa Arsenal au wa Chelsea, kutegemea dini ya mtu. Siku ya tatu Greenwich na Harrods, na kama miguu ingali inabeba, "tuchungulie na Paris". Hilo la Paris nitalirudia.

Mgeni wa namna hii akirudi, mwulize aliona nini. Atakufungulia simu. Picha mia nne, na katika kila moja amesimama mbele ya kitu, amekipa mgongo. Mwulize ndani ya Tower of London kuna nini, atakwambia foleni ilikuwa ndefu.

Nakubali kwamba hoja ya upande wa pili ina uzito, na nisiposema hivyo nitakuwa nadanganya. Mtu wa Berlin au Madrid akiamua Alhamisi kwenda London mwishoni mwa wiki, anakwenda. Mtanzania au Mkenya anajaza fomu ndefu, anaambatisha taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, ushahidi kwamba ana sababu ya kurudi nyumbani, anapigwa alama za vidole, kisha anasubiri. Ada ya viza ya matembezi ni zaidi ya pauni 100, na ukinyimwa hairudi. Aliyepita kwenye tundu hilo la sindano, nani atamlaumu akitaka kula mpaka kisogo?

Mimi namlaumu, na kwa sababu hiyohiyo. Kitu kilichokugharimu hivyo ndicho hasa usichopaswa kukitumia kwa kukimbia. Ikiwa kila saa uliyoko pale imelipiwa kwa jasho la miezi, kwa nini saa tatu kwa siku uzipoteze chini ya ardhi ukibadilisha treni, na nyingine mbili kwenye foleni za tiketi? Tena hilo la "hutarudi" linasemwa kwa uhakika ambao hauna msingi. Viza ya kawaida ya matembezi ya Uingereza hutolewa kwa miezi sita na humruhusu mtu kuingia zaidi ya mara moja ndani ya muda huo, na aliyekwenda akarudi kwa wakati wake ana rekodi nzuri ya kuonesha atakapoomba tena. Nauli haipungui kwa hilo, najua. Lakini mlango haufungwi kwa kufuli siku unapoondoka.

Sasa tutazame hiyo "kumaliza" yenyewe. Chukua British Museum peke yake. Ilianzishwa 1753, kiingilio ni bure, na yenyewe inasema ina vitu takriban milioni 8, na vinavyooneshwa kwa umma ni kama 80,000 tu, yaani asilimia moja. Ukivitazama hivyo 80,000 kwa sekunde moja moja, bila kula, bila kukaa, bila kwenda chooni, utatumia zaidi ya saa 22. Ratiba ya wakala imekupa saa moja na nusu. Na kuna vitu humo ambavyo hata ukihamia London hutaviona: tabot za Ethiopia zilizoporwa na jeshi la Waingereza Maqdala mwaka 1868, mbao takatifu za madhabahu ambazo kwa imani ya Kanisa la Orthodox la Ethiopia hazipaswi kuonwa na yeyote asiye kasisi. Zimewekwa ghalani, haoneshwi mgeni yeyote. Basi mtu anayesema "British Museum tumeshaimaliza" anasema nini hasa? Angeshuka moja kwa moja vyumba vya Afrika, vilivyo chini kabisa ya jengo, akakaa huko saa mbili mbele ya shaba za Benin, kisha akaenda zake. Hapo angekuwa ameona.

Chanzo kingine cha balaa hili ni ramani ya treni za chini. Ramani ile ni kazi ya Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, aliyeibuni 1931 na ikachapishwa 1933. Uzuri wake ni kwamba aliutupa umbali wa kweli: mistari ikanyooka, vituo vikapangwa kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Kwa abiria ni msaada mkubwa. Kwa mpanga safari aliyeketi Dar es Salaam ni mtego, kwa sababu anaitumia kana kwamba ni ramani ya mji. Anaona Leicester Square na Covent Garden ni vituo viwili, anaandika "panda treni". Kati ya vituo hivyo kuna kama mita 260. Ni karibu zaidi kuliko kutoka Askari Monument hadi Posta ya Zamani, lakini mgeni atashuka ngazi, atalipa karibu pauni 3, atapanda treni kwa muda usiofika dakika moja, na akifika Covent Garden akaona foleni ya lifti akaamua kupanda ngazi, atakutana na ngazi 193. Juu yake, wenyeji wamepita kwa miguu huku wakinywa kahawa.

Nikiwa hapohapo kwenye nauli: kata tiketi ya karatasi kwa fedha taslimu na utalipa zaidi ya mara mbili ya anayegusisha kadi ya benki au kadi ya Oyster. Na mabasi hayajapokea fedha taslimu tangu 2014, kwa hiyo usimnyooshee dereva noti. Konda hayupo, na hakuna wa kukwambia chenji atakupa mbele. Lakini basi ndilo la kupanda. Ghorofa ya juu, kiti cha mbele, unauona mji.

Nitaulizwa: na picha je? Nyumbani wanataka picha. Haya, piga. Picha zote zinazodaiwa na kundi la familia zinapatikana asubuhi moja, kwa miguu, bila kulipa hata senti. Simama daraja la Westminster: Bunge na mnara wa Big Ben upande mmoja, gurudumu la London Eye upande wa pili, mto katikati. Ukitaka kulipia kupanda lile gurudumu hiari yako, lakini ukiwa ndani yake halionekani kwenye picha. Kutoka hapo panda Whitehall, kama kilomita moja, upite walinzi wenye farasi hadi Trafalgar Square. Rudi kwa bustani ya St James's, ambako kuna mwari ambao jamii yao imewekwa pale tangu 1664, walipoletwa kama zawadi ya balozi wa Urusi, na utatokea mbele ya Buckingham. Kwenye saa sita mchana deni la kamati limelipwa. Zima simu.

Ukishaizima ndipo safari inapoanza, na hapa nina pendekezo langu, la upendeleo kabisa. Ingia Westminster Abbey. Kiingilio cha watalii ni karibu pauni 30, na kwa kuwa umeacha kulipia vitu vingine vinne, hiki unakimudu. Usikimbilie wafalme. Nenda katikati ya ukumbi mkuu, tazama sakafuni. Kuna bamba jeusi lenye jina la David Livingstone.

Watu wanapita juu yake kwenda kutafuta kiti cha kutawazia wafalme na makaburi ya washairi. Wewe kaa. Maandishi yanasema aliletwa hapo na mikono ya waaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Mikono ya nani? Majina hayakuandikwa. Wewe uliyesoma historia shule ya msingi unayajua: Susi na Chuma, na wenzao. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Waliutoa moyo wake wakauzika huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai la tanga, wakaubeba kwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mmoja wa wenzao waliouvusha pori, Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani, alisafiri na mwili hadi Uingereza na akawa miongoni mwa walioshika jeneza siku ya mazishi, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma wenyewe hawakuwepo. Walifikishwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Msafiri wa Pwani anayesimama juu ya bamba lile ana jambo la kufikiri ambalo mtalii wa kutoka Tokyo au Toronto hana. Ni kaburi la London ambalo nusu ya habari yake iko Bagamoyo. Nusu saa pale inazidi uwanja wote wa Chelsea, Stamford Bridge, nanyi mashabiki mnisamehe. Na kama pauni 30 ni nyingi, ibada ya jioni ni bure kwa yeyote, ila wakati huo umekwenda kusali na kusikiliza kwaya, hukwenda kuzungukazunguka makaburi.

Baada ya hapo nenda kusini mwa mto, utembee kuelekea mashariki bila ratiba. Utapita Tate Modern, kituo cha zamani cha umeme kilichogeuzwa jumba la sanaa mwaka 2000, bure. Utafika Globe, ukumbi uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa Shakespeare. Huyo Shakespeare si mgeni kwetu: Mwalimu Nyerere alimtafsiri mara mbili, na mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya walicheza humo tamthilia yake ya Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Ukienda majira ya joto, nunua tiketi ya kusimama uwanjani, ndiyo ya bei ya chini kabisa, na mara nyingi ndiyo iliyo karibu zaidi na jukwaa.

Sijasema lolote juu ya Oxford Street, na siyo kwamba nimesahau. Nani kati yetu amewahi kusafiri bila karatasi yenye nyayo za watoto wa dada zilizochorwa kwa kalamu? Siku nzima kati ya tatu inaishia kwenye foleni ya viatu. Na ile hadithi ya kurudishiwa kodi uwanja wa ndege imekufa: tangu Januari 2021 mgeni anayenunua vitu dukani London akaondoka navyo kwenye begi harudishiwi kodi ya ongezeko la thamani. Wapeni watoto wa dada fedha, wanunue Kariakoo.

Paris nayo. Treni inafika kwa saa mbili na ushee, kweli. Lakini Uingereza haimo katika nchi za Schengen, wala haikuwahi kuwemo, na viza yake haikuvushi kwenda Ufaransa. Kila mwaka kuna watu wanaolijua hilo wakiwa wameshalipa hoteli ya Paris. Unataka Paris, iombee viza yake, uipe siku zake.

Jambo la mwisho ni mwanga, ambalo sisi wa karibu na Ikweta hatulifikirii kwa sababu jua letu halina vituko. London ya mwishoni mwa Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Siku tatu zako zina mwanga wa saa 24 hivi, jumla. Mwishoni mwa Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, na siku zilezile tatu zinakupa karibu saa 50. Wakala anayekuuzia ratiba ileile kwa miezi yote miwili hajui anachokiuza, au anajua na hajali.

Kwa hiyo wewe uliye na viza mkononi na karatasi ya wakala mezani, chukua kalamu ukate. Acha asubuhi moja ya picha. Acha sehemu moja ya kulipia kwa kila siku, isizidi. Acha upande mmoja wa mji kwa siku, uutembee kwa miguu. Vingine vyote futa, hasa vile ulivyoandikiwa na watu wasiokwenda na wewe. Shemeji akiuliza kwa nini hukufika Madame Tussauds, mwambie hukusafiri saa tisa angani kwenda kutazama watu wa nta.