Kamera Kuukuu na Ushahidi wa Uongo

Imezuka tabia miongoni mwa vijana wetu wapigao picha za sinema, nayo imefika hata hapa Chekereni. Msimu wa mavuno uliopita walitujia vijana kutoka mjini Moshi wakiwa na kamera ya filamu ya milimita 16, ile ya kutiwa ufunguo kama saa ya ukutani, pamoja na lenzi kuukuu iliyoota kuvu kiooni. Tulipowauliza kwa nini hawaisafishi, walicheka. Kuvu ile, walisema, ndiyo iipayo picha ukale wake. Wakamwomba mzee mmoja avue viatu, afiche simu yake, asimame juu ya tuta la jaruba, Mlima ukiwa nyuma yake. Pawatila iliyokuwa ikikaribia ikasimamishwa isionekane. Sinema hiyo imekwisha kuonyeshwa, wala hapana mahali palipoandikwa mwaka.

Hatuna ugomvi na chombo chenyewe. Mkanda wa futi 100, ukipita kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, haufikishi dakika tatu. Na ufunguo ukiisha, kamera husimama hata kama mpiga picha hajamaliza alilokusudia. Aliyezoea kupiga picha kutwa nzima kwa simu, akipewa mkanda huo, hana budi kufikiri kabla ya kubonyeza. Sisi tuliolelewa na mizani tunaijua adabu hiyo. Mtunzi aliyebakiwa na mizani nane hana nafasi ya neno la kupitishia wakati. (Tusichekwe tukisema kwamba hata hesabu imeoana: milimita 16 za mkanda na mizani 16 za mshororo.) Kijana aitafutaye kamera kuukuu kwa ajili ya adabu hiyo tunamuunga mkono.

Tunachokipinga ni ukale wa kubandikwa. Majaruba yale aliyosimama mzee wetu, yaliyonyooka na kunyweshwa kwa mifereji ya saruji, ni matunda ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Picha iyaonyeshayo kana kwamba yalipigwa enzi za Mwingereza ni ushahidi wa uongo. Mahakamani, shahidi wa namna hiyo hufungwa. Kwenye sinema hupigiwa makofi.

Tena ni ukale wa nani huu unaotamaniwa? Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na wenzake walianza kutengeneza filamu za milimita 16 za kuwafundisha Waafrika juu ya malaria, mmomonyoko wa udongo na akiba ya Posta. Kazi hiyo, iliyoitwa Bekefilm, ilikoma mwaka 1937. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na mkuu wake, William Sellers, akashikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Basi picha zikapigwa polepole, kama mtu anayesema na mtoto. Katika miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, ambaye angekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika *Muhogo Mchungu*, lakini uzalishaji ulikuwa mikononi mwa wageni. Ilipoundwa Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, lengo lilikuwa mwananchi aishike kamera mwenyewe. Na sasa aliyeishika anamrudisha babu yake pale pale alipowekwa na Notcutt, peku, kimya, bila jina wala mwaka!

Jambo moja zaidi, nalo ni la uso. Filamu za rangi za miaka ile zilipimwa kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na mtu mweusi akatoka gizani, meno na macho tu yakimeta. Hilo lilikuwa kosa la kiwandani. Vijana hawa wamelifanya pambo: sura ya mzee wetu, yenye makunyanzi ya miaka themanini, imetoka kama kivuli.

Wapendao ukale wangetafuta ukale wa kweli. Barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa kiasi cha asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007. Mkanda wowote wa zamani ulioonyesha kilele, ukiwa na tarehe yake, ni shahidi asiyeweza kuitwa mara ya pili. Mikanda ya asetati nayo huoza: hutoa harufu ya siki, hunywea, hujikunja, na joto na unyevu huiharakisha. Ikishaanza kuoza haiponi. Huweza kucheleweshwa tu kwa kuwekwa mahali pa baridi na pakavu, au kunakiliwa. Walimu na wanafunzi mtakaoona kopo la bati kabatini mwa shule, parokiani au katika ofisi ya wilaya, lifungueni mlinuse, kisha mwandike yaliyomo na mwaka wake kabla hajafa wa mwisho anayeyakumbuka.

Vijana wale wametuahidi kurudi msimu ujao. Tumewaomba mambo mawili: waifute ile lenzi, na picha ya kwanza ya mkanda iwe ya ubao ulioandikwa Chekereni, mwezi na mwaka. Mzee yule bado anatuuliza kwa nini simu yake ilifichwa.