Baraza Lirudi Ofisini

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, baraza ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa kando ya ukuta wa nyumba. Hapo majirani huketi bega kwa bega, hupokea wageni, huuza na kununua, na humaliza mashauri. Jina hilo hilo ndilo walilopewa wakuu wa nchi wanapokutana, kuanzia Baraza la Kata hadi Baraza la Mawaziri. Ni dhahiri, basi, kwamba watu wengi kufanya kazi katika ukumbi mmoja si jambo geni nchini.

Kwa hiyo inasikitisha kwamba ofisi ya pamoja inapotengenezwa, au chumba cha walimu kinapowekewa samani mpya, macho ya wahusika hukimbilia bidhaa za ng'ambo. Hununuliwa meza za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, ambazo hufumuka zikipata maji. Kisha kinyago kimoja cha mpingo huwekwa pembeni, ikadaiwa kwamba utamaduni umeenziwa. Hiyo ni kasumba.

Ufundi wa jadi haukuzaliwa kuwa pambo. Zidaka za kuta za nyumba za pwani zilihifadhi vyombo na vitabu. Leo zingehifadhi majalada bila kumeza nafasi ya sakafu. Mbao zilizotobolewa kwa nakshi hupitisha upepo na kupunguza ukali wa jua. Zingegawa ukumbi bila kuuzibia hewa. Mikeka ya ukindu ikitundikwa ukutani hupunguza mwangwi wa sauti nyingi. Vikapu vya milulu vya wanawake wa Iringa vinafaa kwa karatasi, na mtungi wa udongo hupoza maji bila umeme.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Utamaduni uliopewa wizara hauwezi kuishia katika ngoma za kupokelea wageni.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inayapa upendeleo makundi ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini upendeleo huo hauna maana iwapo zabuni inanakili vipimo vya samani za kigeni, inataka viti mia tano kwa mkupuo, na malipo yake yanachelewa miezi. Maofisa ugavi hawana budi kuzigawa zabuni katika mafungu ambayo kikundi cha kijiji kinayamudu, na kulipa kwa wakati. Mafundi nao hawana budi kukausha mbao barabara, kushika vipimo na kutimiza ahadi.

Fundi asiye na wateja hamrithishi mwanawe patasi. Mwanafunzi anayefundishwa stadi za kazi, kisha asione kazi hata moja ya mikono ya wazee wake katika chumba cha walimu, amekwisha kupata somo jingine: kwamba ufundi huo hauna thamani. Somo hilo lifutwe kwa vitendo, na lifutwe kuanzia ofisini.