Kabla ya Kuuelekea Mlima

Vijana wetu wawili wametuomba ruhusa ya kupanda Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyo kusini mwa Ziwa Natron. Hatukuwakataza, ila tumewawekea masharti. Mlima huo hupandwa usiku, jua lisije likawakuta mteremkoni pasipo kivuli. Basi watafute mwongozaji mwenyeji, na maji wayahesabu kwa kunywa kwanza. Udhu una badala yake, nayo ni tayamamu, bali maji ya kunywa hayana badala. Watuachie siku na saa ya kurejea. Mlima huo ulilipuka mwaka 2007. Mwongozaji akisema warudi, na warudi, japo kilele wanakiona. Mama yao atakuwa akingoja hodi mlangoni.