Kombe Lapotelea Ofisini



Wako watakaouliza kwa nini jarida la mageuzi litumie ukurasa wake kwa kandanda, ilhali kuna kodi zinazotuelemea na mashauri yaliyorundikana mahakamani. Jibu letu ni fupi. Hapa Kakamega, mtu asiyejua jina la mjumbe wake wa wadi atakutajia kikosi cha Ingwe cha mwaka 1984 kuanzia kipa hadi mshambuliaji. Jambo linalopendwa na umma kiasi hicho ni mali ya umma, na mali ya umma ikiporwa ni wajibu wetu kupiga kelele.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina chama. Kombe la vilabu la Afrika Mashariki na Kati, lililo chini ya CECAFA, lilianza mwaka 1974, na Simba ya Dar es Salaam ndiyo iliyolitwaa kwanza. Kuanzia 1976 hadi 1985, yaani miaka kumi, kombe hilo lilikuja Kenya mara tisa. Mara moja tu, mwaka 1978, lilikwenda Kampala. Klabu yetu, iliyoanzishwa mwaka 1964 na wana wa Abaluhya, ililishinda mwaka 1979, kisha 1982, 1983 na 1984 kwa mfululizo, na tena mwaka 1997. Tangu hapo Ingwe haijaligusa. Tangu Tusker ilipolibeba mwaka 2008, hakuna klabu yoyote ya Kenya iliyolirudisha nyumbani. Mwaka 2024 lilichukuliwa na Red Arrows, wageni waalikwa kutoka Zambia.

Je, watoto wetu wamesahau kupiga mpira? Nenda ukatazame viwanja vya shule za Kakamega siku ya Jumamosi, kisha urudi utuambie. Miguu ipo. Kilichooza ni meza.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1980 ilitoka amri kwamba vyama na timu zenye majina ya kikabila zibadilishe majina au zivunjwe. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Hatuutetei ukabila; tumeuona ukimwaga damu katika Bonde la Ufa na hatuna hamu nao. Lakini chama cha hiari kinapoamriwa na serikali kijiite nani, bila wanachama kuulizwa, mlango umefunguliwa kwa kila amri itakayofuata. Waliokaa kimya kuhusu jina la timu ndio haohao, miaka miwili baadaye, walioamka na kukuta kifungu cha 2A ndani ya Katiba, chama kimoja kikiwa ndicho cha pekee kisheria. Ilichukua hadi Desemba 1991 kukifuta, na baadhi ya waliopigania kukifuta walikuwa watu wa mpira: marehemu Kenneth Matiba, aliyewekwa kizuizini mwaka 1990, alikuwa ameongoza shirikisho la kandanda la nchi hii katika miaka ya sabini.

Tulifuta chama kimoja serikalini. Katika michezo hatukukifuta.

Tazama mashindano yenyewe. Tangu 2002 yamebeba jina la Rais Paul Kagame wa Rwanda, aliyejitolea dola 60,000 kwa ajili ya zawadi. Tunamshukuru kwa ukarimu wake. Hata hivyo, sisi tuliolelewa katika enzi ya picha moja ukutani na jina moja kwenye kila uwanja mkubwa tunayo haki ya kuuliza: eneo zima, lenye mamilioni ya mashabiki wanaolipa viingilio, limeshindwaje kugharamia kombe lake hadi litegemee mkono wa kiongozi aliye madarakani? Mwaka 2013 mashindano yakapelekwa Darfur na Kordofani Kusini, nchini Sudan, mahali ambapo risasi zilikuwa bado zinalia. Simba, Yanga na Tusker zikakataa kwenda, na nani angezilaumu? Mwaka 2016 hayakufanyika. Mwaka 2017 vivyo hivyo, na 2020, na 2022, na 2023. Mkulima akikosa kupanda misimu mitano huitwa mvivu. Katika ofisi za kandanda huitwa mheshimiwa.

Lakini tusimtwike jirani mzigo wetu. Aibu kubwa zaidi tulijipikia wenyewe. Tarehe 11 Novemba 2021 Waziri wa Michezo, Bi. Amina Mohamed, alilivunja shirikisho la FKF na kuteua kamati ya muda, baada ya maswali mazito kuhusu fedha. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Marufuku hayo yaliondolewa mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo, na katika kipindi hicho mlango wa mashindano ya Afrika ulifungwa. Tusker, bingwa wa ligi, ikakaa nyumbani. Ndio msimu uleule ambao Kakamega Homeboyz, vijana wetu wa Bukhungu, walimaliza ligi wakiwa na pointi sawa na Tusker, wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu. Fikirini wangeupata! Wangepewa kombe kwa mkono wa kulia na kuzuiwa mpakani kwa mkono wa kushoto.

Hapa ndipo wanasheria tunapotakiwa kusema bila kuogopa. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, katika kifungu cha 54, inampa waziri uwezo wa kuingilia kati shirika la michezo. FIFA nayo inakataza serikali kuingilia. Kwa hiyo waziri akishika ufagio, viongozi wa mpira hukimbilia Zurich. Na Zurich ikinguruma, serikali hurudi nyuma, na wale walioshukiwa hurejea vitini. Kati ya fahali hawa wawili, nyasi ni nani? Ni mchezaji asiyelipwa mshahara, na shabiki aliyeuza kuku ili apate nauli. Waziri hakumuuliza shabiki alipovunja, wala shirikisho halikumuuliza liliporudi. Hata uchaguzi wa Desemba 2024, ulioleta uongozi mpya, ulifanywa na wajumbe wachache wa matawi na vilabu. Mwenye kadi ya uanachama wa klabu, anayelipia tiketi kila wiki, alitazama kwenye runinga kama mtazamaji wa harusi ya watu.

Vilabu navyo visijifiche nyuma ya migongo yetu. Mwaka 2023 Gor Mahia, mabingwa wa nchi, walinyimwa leseni ya kushiriki ligi ya mabingwa wa Afrika kwa sababu ya madeni ya wachezaji. Wako waliocheka hapa kwetu kwa kuwa ni Gor. Kicheko hicho ni cha kijinga. Ugonjwa uliomshika mpinzani una ufunguo wa nyumba yetu pia.

Sasa tuseme kuhusu Bukhungu. Desemba 2017 uwanja huu ulipokea mashindano ya CECAFA ya timu za taifa, na Harambee Stars wakaifunga Rwanda 2-0 mbele ya umati wa nyumbani. Oktoba 2018 sherehe za Mashujaa zikafanyika papo hapo. Kakamega ilionyesha kwamba inaweza. Kisha awamu ya pili ya ujenzi ikatangazwa, na muda wake ukapita bila kukamilika. Mwaka 2024 timu ya taifa ilicheza mechi zake za "nyumbani" Malawi na Uganda, kwa kukosa uwanja uliokubalika nchini. Mtu wa Kakamega alikuwa akipitia Busia kwenda Kampala kuitazama Kenya ikiwa mwenyeji! Jambo la kuchekesha, lakini ni fedha zetu. Nyongeza ya Nne ya Katiba imekabidhi kaunti vifaa na viwanja vya michezo. Gavana na bunge la kaunti hawawezi kutuambia twende Nairobi kuuliza.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi, hasa kwa ndugu zetu wa makanisani, ambao vikundi vyao vya vijana huandaa mashindano kila Desemba, huchagua mweka hazina kwa kura, na kusoma hesabu mbele ya waumini bila kusubiri amri kutoka Zurich.

Kwanza, wanachama wa vilabu wadai mkutano mkuu wa mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Asiye mwanachama ajiandikishe, kwa maana anayeimba tu jukwaani hana kura. Pili, tumeandaa ombi kwa bunge la kaunti kwa mujibu wa kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, tukidai kujua ni kiasi gani kimelipwa kwa ajili ya Bukhungu, kimelipwa kwa nani, na kazi iliyobaki ni ipi. Fomu za sahihi zitapatikana baada ya ibada kwa makatibu wa vikundi vya haki na amani. Tatu, tunapeleka ombi la habari kwa idara ya michezo ya kaunti chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 za kujibu.

Jibu likija, tutalichapisha neno kwa neno katika ukurasa huu. Lisipokuja, ukurasa huu tutauacha mtupu, tarehe ya barua yetu ikiwa imeandikwa juu yake.