Afya na Kazi: Vumbi la Mwamba na Maradhi Yanayolifuata

Dhahabu ya Witwatersrand, katika nchi ya Afrika ya Kusini, ilianza kuchimbwa mwaka wa 1886. Dhahabu hiyo imo ndani ya mwamba mgumu wenye silika nyingi. Ili kuipata ilipasa mwamba utobolewe kwa mashine, upasuliwe kwa baruti, kisha usagwe kuwa unga. Vumbi lililotoka humo lilikuwa jembamba mno hata jicho lisiweze kuliona, nalo lilipita puani na kooni likafika chini kabisa mapafuni.

Vumbi la namna hii likiisha kufika huko halitoki tena. Askari wa mwili hulimeza ili kuliangamiza, lakini wao ndio wanaoangamia, na nyama laini ya pafu hugeuka kuwa kovu gumu. Ugonjwa huu huitwa silikosisi. Mara nyingi huonekana baada ya miaka kumi au zaidi, tena huweza kuendelea hata mtu akiisha kuacha kazi. Hauna dawa ya kuuponya.

Watu wengi hudhani ya kwamba makovu hayo peke yake ndiyo yauayo. Sivyo. Vumbi ni kama mwizi avunjaye mlango, na wenzake huingia nyuma yake. Wa kwanza ni kifua kikuu, kwa kuwa mapafu yaliyopoteza askari wake hayana nguvu ya kuvizuia vijidudu. Na mtu mwenye virusi vya UKIMWI pia, hatari yake huzidi sana. Wa pili ni ugonjwa wa moyo. Moyo ulazimishwapo kusukuma damu katika mapafu yenye makovu, upande wake wa kulia huchoka, na miguu huvimba. Wa tatu ni saratani ya mapafu, ambayo mwaka wa 1997 wataalamu wa kimataifa walithibitisha kuwa huletwa na vumbi la silika.

Wachimbaji wengi wa Witwatersrand walitoka Lesotho, Msumbiji na Malawi. Mkataba ulipokwisha walirudi makwao, na maradhi yakawafuata huko, mbali na migodi. Sheria ya kuwalipa wagonjwa wa vumbi ilianza mwaka wa 1911, lakini kwa miaka mingi Mwafrika alipewa kidogo kuliko Mzungu. Ni mwaka wa 2019 tu ambapo mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya kampuni kadhaa za dhahabu kuwalipa wachimbaji wa zamani, au jamaa zao waliobaki, kwa ajili ya silikosisi na kifua kikuu. Hata hivyo hapana budi ijulikane mtu alifanya kazi wapi na katika miaka gani.

Jambo hili lawahusu pia wapasua mawe na wavunja kokoto wa Kenya, kwa maana silika haimo katika mwamba wa dhahabu peke yake. Mtu wa kazi hiyo akikohoa husema, "Ni vumbi tu," akangoja. Neno hilo ni la hatari. Silikosisi haiponi, lakini kifua kikuu huponywa kwa dawa kikigunduliwa mapema na dawa zikimalizwa. Kwa hiyo yampasa kila akohoaye kwa majuma mawili, au apunguaye mwili, au atokwaye na jasho usiku, aende hospitali, na amweleze daktari kazi yake, hata ile aliyoiacha miaka ishirini iliyopita.

Yafaa pia mawe yalowanishwe kwa maji kabla ya kukatwa, na watoto wasikae penye vumbi. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi, kwa sababu vumbi jembamba hupenya. Na kila mfanya kazi aandike katika daftari mahali alipofanya kazi na miaka yake, ailinde kama hati ya shamba. Siku moja itakuwa shahidi wake.