*KUMUUNGA MKONO MWENYEKITI WETU KUANZIE KWENYE UCHAGUZI WA TAWI*

*Taarifa kwa wanachama wote*
Siasa na Uenezi, Tawi la CCM, Gulwe
Mei 2017

 

Ujumbe huu ni mrefu kuliko matangazo yetu ya kawaida ya vikao. Naomba usomwe wote, na mwenye simu amsomee asiye nayo, hasa wazee wetu.

Tangu Ijumaa ya tarehe 28 Aprili mazungumzo yote hapa kijijini ni vyeti feki. Siku ile pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Mheshimiwa Rais na Mwenyekiti wetu wa Taifa, Ndugu John Pombe Magufuli, alikabidhiwa taarifa ya uhakiki na Waziri Kairuki. Watumishi 9,932 wamekutwa na vyeti vya kughushi. Wamepewa hadi tarehe 15 mwezi huu waondoke wenyewe, la sivyo sheria ichukue mkondo wake. Kabla ya hapo walikwishaondolewa watumishi hewa zaidi ya 19,000, yaani majina yaliyokuwa yakila mshahara bila kuwa na mtu anayekuja kazini.

Najua wapo kati yenu wanaosema hili la vyeti ni uonevu. Nimewasikia, na sitawakejeli. Mtu amefundisha watoto miaka 15, au amezalisha kina mama usiku kwa taa ya kandili, leo anaambiwa kusanya vyako uende. Inauma, na kama ni ndugu yako inauma zaidi. Lakini kila cheti cha kughushi kilichukua nafasi ya kijana mmoja aliyesoma kwa haki, akafaulu, akarudi nyumbani kulima karanga kwa sababu "nafasi hakuna". Huyo naye ana mama. Kwa hiyo nasema Rais yuko sahihi. Nasema pia, bila woga, kwamba nafasi zilizoachwa wazi zijazwe haraka, maana zahanati isiyo na muuguzi haiponyi mtu. Kumuunga mkono kiongozi hakuzuii kumwambia hivyo, na vikao vya chama vipo kwa kazi hiyo.

Kwa sisi watu wa reli, mambo haya si ya kusikia redioni tu. Kila mkazi wa Gulwe anajua maana ya reli kufa. Mto ukifurika kati ya Kilosa na hapa, tuta linasombwa, treni haziji, na mama anayeuza ndizi na mayai kituoni anakaa na bidhaa yake hadi ioze. Mvua ni ya Mungu. Lakini mabehewa ya mizigo 274 yaliyonunuliwa India, mengi yakakutwa na kasoro, hayo yaliletwa na kalamu za watu. Desemba 2015, Rais akiwa hajamaliza hata miezi miwili Ikulu, alimwondoa ofisini mkurugenzi wa RAHCO kwa sababu ya utaratibu wa zabuni ya reli mpya. Tarehe 12 Aprili mwaka huu ameweka jiwe la msingi la reli ya kisasa pale Pugu, kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro. Kikitoka Morogoro, reli hiyo inakuja huku kwetu. Mwenye macho anaona kwamba mambo haya mawili yana uhusiano.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka huu ni wa uchaguzi ndani ya chama, kuanzia mashina na matawi hadi taifa. Yamenifikia malalamiko kwamba wapo watu wanaopita kwenye vilabu vya pombe jioni, wananunua vibuyu na kuacha noti mbili tatu chini ya kata. Wapo wanaowalipia wanachama ada kwa mkupuo, kisha wanabaki na kadi zao "kwa usalama". Mmoja, naambiwa, anafanya hivyo akiwa amevaa fulana yenye picha ya Mwenyekiti wetu. Sijui acheke nani hapo.

Sitaji jina, kwa sababu sina ushahidi mkononi na sitaki tawi letu liwe la majungu. Ila kwa anayejijua: huwezi kumpigia makofi Magufuli kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unagawa noti. Tangu alipokabidhiwa uenyekiti hapa Dodoma tarehe 23 Julai mwaka jana, amekuwa akilisemea suala la rushwa ya uchaguzi ndani ya chama. Mkutano Mkuu Maalumu wa Machi mwaka huu umebadilisha Katiba ya chama, ukapunguza vyeo na kuzuia mtu mmoja kurundika kofia kichwani. Huko juu mlango unafungwa. Tukiuacha wazi huku chini, wale wale wataingilia huku.

Nasikia pia utetezi wa "hiyo si rushwa, ni takrima". Tukumbushane historia. Takrima iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, kwa sababu asiye na fedha hakuwa na namna ya kushindana na mwenye nazo. Miaka 11 imepita. Anayetumia neno hilo leo amechelewa treni.

Mwingine atauliza: uchaguzi wa tawi una nini cha kununua? Mshahara hakuna, posho hakuna, hata kiti cha ofisi tunaazima. Hapo ndipo pa kufikiri. Tawi ndilo linalochuja wagombea wa chama wa uenyekiti wa kijiji na vitongoji, na uchaguzi wa serikali za mitaa unakuja 2019. Reli mpya ikifika kwetu, kutakuwa na kupimwa mashamba, kuhesabiwa miti, kuandikwa majina ya fidia. Nani atakuwa amekaa na wathamini, akisema hili ni shamba la fulani na ule mti ni wa fulani? Ni viongozi wa kijiji. Mtu anayetoa elfu mbili mbili leo si mjinga. Anapanda mbegu, na shamba analolitazama ni lako.

Mnakumbuka habari ya TASAF mwaka jana. Nchi nzima zilikutwa maelfu ya kaya zisizostahili zikipokea fedha za maskini. Majina yale hayakuandikwa Ikulu. Yaliandikwa kwenye vijiji, mbele ya mikutano ya vijiji, watu wamekaa wakitazama na kunyamaza kwa sababu mwenye jina ni shemeji wa mwenyekiti. Kwa hili simlaumu mtu wa Dar es Salaam hata kidogo.

Wazee wetu watanisaidia kwa jambo moja la zamani. Mwaka 1983 Hayati Edward Moringe Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nchi ilitikisika. Sukari, sabuni na khanga zilizofichwa zikatolewa maghalani, nyingine zikatupwa vichakani usiku. Wananchi walimpenda sana. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka hapa Dodoma kwenda Dar es Salaam baada ya Bunge, akafariki kwa ajali ya gari Dakawa. (Tarehe ni ile ile ya jiwe la Pugu, miaka 33 baadaye, sijui kama ilipangwa.) Vita ile ikapoa. Walanguzi waliokuwa wamejificha wakarudi madukani, na kufikia 1996 Tume ya Jaji Warioba ilikuta rushwa imeenea kuanzia ofisi kubwa hadi dirisha la karani wa chini. Watu wa 1984 walilia kwa machozi ya kweli, ila vita ilikuwa ya Sokoine. Haikuwa imeingia kwenye mashina.

Na ilikuwa na kasoro ambayo hatupaswi kuirudia. Wapo waliotajwa kwa chuki tu, jirani akimchomea jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba au ng'ombe aliyekula mtama. Wengine walikuwa wachuuzi wa kawaida waliokutwa na mifuko miwili ya chumvi. Kwa hiyo ninaposema tutaje wala rushwa, sina maana ya kubebana majina kilabuni. Aliyeona aseme alichoona, lini, wapi, nani mwingine alikuwepo. TAKUKURU wapo Mpwapwa, na namba yao ya bure ni 113. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na balozi wako.

Rais huyu, Mungu akimjalia na wananchi wakimrudisha 2020, mwisho wake kikatiba ni 2025. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa bado hajamaliza kidato cha nne siku Ndugu Magufuli anakabidhi ofisi. Atakayekuja baada yake atapatikana kwa kura za wajumbe, na safari ya kuwapata wajumbe hao inaanzia kwenye matawi kama hili.

*Kwa hiyo, kuanzia leo:*

Ada italipwa na mwanachama mwenyewe kwa balozi wake, na kila anayelipa adai risiti. Asiye na uwezo kwa sasa aje kwa Katibu wa Tawi tuzungumze. Aibu ya kukosa ada ni ndogo kuliko aibu ya kulipiwa.

Mwenye kadi iliyo mikononi mwa mtu mwingine akaichukue kabla ya mkutano mkuu wa tawi. Akikataliwa, aje nami tutakwenda wote.

Hakuna mgombea kununua pombe, soda wala nyama kwa wajumbe, hata kwa kisingizio cha msiba au ubarikio. Rambirambi ipelekwe kwa wafiwa, siyo kwa wapiga kura.

Mimi nami naomba tena nafasi hii ya uenezi, kwa hiyo nichunguzeni kama mtakavyowachunguza wengine. Fomu zinachukuliwa kwa Katibu wa Tawi. Tarehe ya mkutano itatangazwa kupitia kwa mabalozi na humu humu.

Hapa Kazi Tu.

*Katibu wa Siasa na Uenezi, Tawi*