Tuonyesheni Kilomita, Visingizio Vimetosha

Na Juma Mwakio

Treni ya asubuhi ya Ruiru au Syokimau ikizimika njiani, lawama huanza kabla fundi hajafika. Huyu atalaani mitumba ya Ulaya, yule atawalaumu Wamarekani waliounda injini, na wa tatu atasema Shirika la Reli limelala. Wote wanabahatisha, maana abiria hana hesabu yoyote mkononi.

Tuwatazame hao wanaolaumiwa. Vichwa vya General Electric vya daraja la 93 vilianza kazi nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na vimevuta mizigo na abiria kwa miongo kadhaa. Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya RVR, iliyokuwa ikiendesha reli wakati huo, ilileta vingine 20 vya GE, vilivyokwisha kutumika Marekani na kukarabatiwa. Mwaka 2020 zikaja treni 11 za DMU kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, zilizoundwa na CAF. DMU hazivutwi na kichwa, kwani injini zake zimo chini ya sakafu. Huko kwao zilitembea juu ya geji ya mita, sawa na reli yetu ya zamani, na ziliachwa baada ya njia kutiwa umeme.

Kwa hiyo jina la kiwanda halitoshi kutuambia kitu. Kichwa kikuukuu chenye vipuri na fundi anayekijua hufanya kazi. Kipya kisicho na vipuri hulala karakana. Tena treni chache za aina moja, za muundo wa zamani, hudai vipuri vya kuagizwa mbali. Gharama hiyo haionekani siku ya kukata utepe.

Kinachoweza kutuambia ni hesabu ya hitilafu, na wapo wanaoitoa. Shirika la usafiri la MTA la New York huchapisha wastani wa umbali ambao kila aina ya treni hukimbia kabla ya kuharibika. Abiria wa Long Island anajisomea mwenyewe kwamba vichwa vya dizeli vya EMD na Super Steel, vya mwishoni mwa miaka ya 1990, huharibika mara nyingi kuliko treni za umeme za M7 za Bombardier. Ni aibu yenye faida: meneja anayeomba fedha za treni mpya anao ushahidi, na muuzaji hawezi kushinda zabuni kwa maneno matamu.

Shirika la Reli la Kenya nalo lichapishe kila mwezi kilomita kati ya hitilafu moja na nyingine, vichwa vya GE kivyake na DMU kivyake, pamoja na siku ambazo kila treni ilikaa karakana ikisubiri vipuri. Na wabunge wasipitishe hata shilingi moja ya kununua treni nyingine, mpya au mtumba, kabla ya kuiona hesabu hiyo. Wewe unayepanda treni kila siku, mwulize mbunge wako kama ameidai.